Kufika Nako Kuna Kazi Yake

Watu wakisikia nimevuka Bahari ya Atlantiki kwa boti ya matanga, huuliza mawimbi yalikuwa makubwa kiasi gani. Nikiwaeleza wananitazama kama ninayewapiga kamba, kisha wanahamia habari nyingine. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza nilirudije. Nami fedha iliyonipotea, usingizi ulionipaa na aibu nilizopata, karibu vyote vilinikuta baada ya nanga kutua. Naandika kwa ajili ya kijana yeyote wa bara atakayepata nafasi kama yangu, maana wa pwani wana wajomba wa kuwaeleza.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Nimezaliwa Mvumi, nikajifunzia kazi kwenye gereji za Kizota, hapa Dodoma mjini, zaidi ya kilomita mia nne kwa barabara hadi baharini. Kazi yangu ilikuwa mashine za kusaga, pampu za visima na pawatila za wakulima wa mpunga wa Bahi. Mwaka 2022 nilikwenda Tanga kwa kazi ya miezi mitatu, kutengeneza injini za boti za wavuvi pale Deep Sea, nikakaa miaka miwili. Kuogelea nilijifunza huko nikiwa na miaka 29, huku nikichekwa na watoto wa darasa la pili.

Katikati ya muda huo nililiwa shilingi laki nane na wakala aliyeniahidi kazi kwenye meli ya mizigo. Sitalielezea sana. Ukiona mtu anadai fedha kwanza ndipo akuonyeshe jina la meli, ondoka.

Septemba 2024 ikaingia Tanga boti ya matanga ya mita kumi na mbili, ya mzee mmoja Mfaransa na mkewe. Pampu ya maji ya kupoozea injini ilikuwa imekufa. Niliifungua, nikakuta injini yenyewe ni ndugu wa zile ninazozijua, ila imepakwa rangi nzuri na kuwekwa mahali pasipoingia bega. Nilipomaliza, mzee akanieleza kwamba mkewe anaumwa magoti na atashukia Afrika Kusini, na yeye anataka kuendelea hadi Brazil. Akaniambia, "Chakula juu yangu, dola 300 kwa mwezi, na mwisho wa safari utarudi kwa ndege."

Nilifurahi mno kiasi cha kutosikia alichoacha kusema. Utarudi kwa ndege, sawa, kwa fedha ya nani? Sikuuliza. Kwetu mtu akikuita kwenye kazi yake ya mbali, nauli ya kurudi ni yake, hata kama ni ya lori la mkaa. Nikachukulia kwamba Wafaransa nao wako hivyo.

Maandalizi ya kwenda niliyafanya vizuri, nakiri. Pasipoti shilingi 150,000. Chanjo ya homa ya manjano na kadi yake. Nilikwenda Dar es Salaam, Chuo cha Bahari, nikasoma mafunzo ya msingi ya usalama, nikajifunza kuvaa jaketi la kuokolea nikiwa tayari ndani ya maji. Boti ya mtu binafsi haikulazimu hivyo, lakini fedha ile sijawahi kuijutia.

Tuling'oa nanga mapema Oktoba. Mzee alitaka tuwe tumeshuka mbali kusini kabla ya msimu wa vimbunga, ambao huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi huanza Novemba. Mlango wa Msumbiji, ile bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska, ulinilevya siku nne mfululizo. Nilitapika mpaka nyongo, nikiwa nimejifunga mkanda kwenye kamba ya sitahani, nikiomba Mungu anichukue au anipe nguvu ya kula mkate. Siku ya tano nikaamka na njaa, na bahari haikunigusa tena. Kutoka Richards Bay, bandari ya Afrika Kusini, kwenda Cape Town ni habari ya kusubiri. Mkondo wa Agulhas unakwenda kusini-magharibi kwa kasi kubwa, na upepo wa kusini-magharibi ukivuma dhidi yake, mawimbi husimama kama kuta. Kwa hiyo unakaa bandarini ukitazama kipimo cha hewa, unakimbia siku mbili, unajificha bandari nyingine, unasubiri tena. Tulifika Cape Town Desemba. Mke wa mzee akapanda ndege, kijana mmoja wa Afrika Kusini akaingia badala yake, nami nikapata viza ya Brazil hapohapo.

Mwanzoni mwa Februari tukatoka. Maili za bahari kama 1,700 hadi kisiwa cha St Helena, siku kumi na sita, upepo ukitusukuma kwa nyuma. Jamestown, mji wa kisiwa hicho, kuna ngazi ya vidato 699 inayopanda mlima. Nilidhani nitaipanda kama kijana aliyekulia kwenye vilima vya Mvumi. Nilikaa chini mara nne. Ukiwa kwenye boti mikono inakuwa ya chuma na miguu inakuwa ya mtu aliyetoka hospitali, na hili nilipaswa kulichukua kama onyo.

Kitu kimoja baharini kilinipa heshima, nacho ni maji. Tulikuwa na tangi la lita 400 kwa watu watatu, na mzee alitaka kunifundisha kuosha vyombo kwa maji ya chumvi, kunawa uso kwa kikombe, kupiga mswaki kwa funda moja. Nilimwachia afundishe mpaka akamaliza. Kisha wiki ya kwanza ikapita, akapima tangi, akatazama hesabu yake, akanitazama. Mimi nimelelewa na mama aliyeamka saa kumi usiku kwenda kuchota maji kwenye shimo la mchanga mtoni, anarudi na ndoo moja, na ndoo hiyo inapika, inaosha na kunywesha ndama. Kuhusu maji, mzee yule hakuwa na la kunifundisha.

Sasa tuje kwenye kufika. Siku ya kumi na saba kutoka St Helena, tukiwa na maili kama ishirini kuifikia Salvador ya Brazil, upepo ulikufa. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mzee akasema, "Fundi, washa." Injini ikawaka, ikanguruma dakika mbili, ikakohoa, ikazima. Moyo wangu ukazima nayo, kwa sababu nilijua kosa ni la nani. Umeme wetu ulitoka kwenye sola, kwa hiyo siku zote kumi na saba sikuwa nimeiwasha hata mara moja. Wakati huo wote bahari ilikuwa inalitikisa tangi la dizeli kama mtu anayesukasuka maziwa, na uchafu wote wa chini ukapanda.

Wazee wa Tanga husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumboni mwake. Mimi siku ile nilirejea ngamani kwa mwili wangu, kichwa chini, miguu juu, tochi mdomoni. Filta niliyoitoa ilikuwa nyeusi, inateleza kama mlenda uliolala. Nikaweka mpya. Lakini ukifungua filta ya dizeli umeingiza hewa, na injini iliyovuta hewa haiwaki hata uibembeleze. Nikalegeza skrubu ya juu ya filta nusu mzunguko, nikaanza kupampu kile kikono kidogo kwa dole gumba. Povu. Pampu tena. Povu. Boti inalala kulia, inalala kushoto, dizeli inanimwagikia kwenye kwapa. Baada ya muda mrefu ikatoka safi bila tone la povu, nikakaza, nikaenda kwenye nati za mabomba ya nozeli, nikarudia huko. Ni kazi ninayoifanya Kizota kwa dakika kumi nikiwa nazungumza na mteja. Pale ilinichukua karibu saa tatu, na nilipotoka juu jua lilikuwa limezama. Ukiwa unakaribia nchi kavu, washa injini siku mbili kabla, iache ingurume saa nzima, ukiwa bado una bahari pana ya kukosea.

Injini ikawaka, na mzee akataka tuingie usiku uleule. Taa ya Barra ilikuwa inaonekana, inazunguka pale mlangoni mwa ghuba. Nami nilitaka. Nilitaka kuoga, nilitaka kusimama mahali pasipocheza. Kijana wa Afrika Kusini ndiye aliyekataa. Akasema hajalala tangu jana, na wote watatu tunatazama taa moja tu kana kwamba bahari nzima haina kingine. Mzee alinuna, lakini akageuza omo. Tukatoka maili kumi nje, tukashusha tanga kuu, tukalala kwa zamu. Kulipopambazuka tuliona kilichokuwa mbele yetu: meli za mizigo zimetia nanga, na katikati yake viboti vya wavuvi, vidogo kama ngalawa, ambavyo usiku sikuwa nimeona taa ya hata kimoja.

Ila usiku ule sikulala hata zamu yangu ilipokwisha. Upepo wa nchi kavu ulikuja kama saa tisa, dhaifu, ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Mtu wa Dodoma huisubiri harufu hiyo miezi saba kila mwaka. Nilikaa kule tezi nikaivuta mpaka pua ikauma.

Kule Salvador tulipitia ofisi tatu, polisi wa uhamiaji, forodha na mamlaka ya bandari, na kila moja ilitaka orodha ya mabaharia. Ofisi ya kwanza ndiko nilikoaibika. Niliingia chumba kisicho na dirisha, sakafu ikaanza kuyumba, nikaishika meza ya ofisa kwa mikono miwili. Akamtazama mzee, akafanya ishara ya chupa. Ardhi kuyumba baada ya safari ndefu ni jambo la kawaida, kwa wengi hupita baada ya siku moja au mbili. Kwangu ilichukua karibu wiki. Kaa karibu na dirisha, tembea sana, na usioge umefumba macho. Nilianguka bafuni.

Pale gatini kulikuwa na mpira wa maji baridi, bure. Kijana aliufungulia akaanza kuosha sitaha, maji yanatiririka baharini, dakika kumi, ishirini, anaimba. Nilishindwa kutazama, nikaondoka bila kuaga. Nilitembea mpaka nikamkuta mama mmoja aliyevaa nguo nyeupe na kilemba anakaanga kitu kwenye karai. Acarajé. Nikauma, nikasimama palepale barabarani: bajia za kunde! Zimekaangwa kwa mawese na kujazwa kamba, lakini ni bajia za kunde. Kesho yake nikala caruru, nayo ni bamia zilizopikwa zikavutika. Ukimpa Mgogo amefumba macho atakwambia ni mlenda wa watu wenye fedha. Sijui kama nililia kwa sababu ya chakula au ya ule mpira wa maji, ila nililia, na muuza soda alinipa kiti.

Siku ya tatu ndipo nikauliza habari ya tiketi. Mzee alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. Yeye alikuwa akidhani nitaendelea naye hadi Karibiani, na "utarudi kwa ndege" kwake ilikuwa na maana kwamba safari ni ya kwenda tu, asije akanidanganya kuwa boti itanirudisha. Alikuwa ameshatoboka mfuko kwa tanga la omo lililochanika. Tulizungumza jioni mbili. Ya kwanza nilinyamaza, maana nimefundishwa kutomfokea mtu mzima. Ya pili nikasema yote, kwa Kiingereza changu cha gereji.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Miezi sita kwa dola 300 ni dola 1,800. Dola 700 nilikuwa nimetuma nyumbani kutoka Cape Town, 250 zilikwisha njiani kwa simu, viza na ujinga mdogomdogo. Nilibaki na 850. Tiketi ya Salvador, São Paulo, Addis Ababa, Dar es Salaam ilikuwa dola 1,240. Mzee alitoa 600. Mimi 640. Baada ya nusu mwaka baharini nilibaki na dola 210, na nilijua kuna watu nyumbani wanaohesabu dola elfu kadhaa.

Sikumchukia, na hadi leo tunaandikiana. Lakini ukisikia neno lolote kuhusu kurudi, liandikwe kabla hujapandisha begi: nani analipa, hadi mji gani, na je, ukishuka katikati inakuwaje. Karatasi ya daftari inatosha, mkitia sahihi wote wawili. Kama huwezi kuipata karatasi hiyo, fedha ya nauli iwe yako, uifiche, uisahau. Tiketi ya tarehe maalumu usiinunue mapema. Chombo cha upepo hakina tarehe. Na kabla hujatoka bandarini hakikisha nahodha amekutoa kwenye orodha ya mabaharia na ofisi imegonga muhuri, kwa sababu boti ikiondoka wewe ukiwa bado umeandikwa humo, utapata kazi ya kueleza kwa nini uko nchi kavu. Mimi nilisubiri muhuri huo siku mbili, na ningekuwa na tiketi ya siku ya kwanza ningeipoteza. Kadi ya njano nayo ibaki ndani ya pasipoti. Niliulizwa kadi hiyo uwanja wa ndege, na mwenzangu wa nyuma kwenye foleni alikuwa ameiacha kwenye begi lililokwisha kwenda.

Kutoka Dar nilipanda treni ya SGR, ambayo nilipoondoka sikuwa nimewahi kuipanda. Ule mtikisiko mdogo wa behewa ukanichukua. Nililala usingizi wangu wa kwanza wa maana tangu St Helena, nikaamshwa na mhudumu Dodoma, abiria wote wameshashuka. Nje ya stesheni mtu asiyenijua akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nikakosa sauti ya kuitikia.

Kosa la mwisho nililifanya nikiwa bado Cape Town, kwa simu. Nilimwambia mdogo wangu nitarudi na mtaji wa pampu ya umwagiliaji kwa ajili ya zabibu zake. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na dola mkononi na jua lilikuwa linawaka. Kwa watu wa kwetu neno baharia lina harufu ya fedha, kwa hiyo ahadi yangu ilizaa. Nilipofika nilikuta ameshachimba mtaro. Sikuwa na namna ila kumwita kando na kumwonyesha dola zangu moja moja. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na jembe, tukaufukia mtaro pamoja, nusu saa nzima bila kuongea, na nusu saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko zamu yoyote niliyokaa baharini.

Gereji nayo. Vifaa vyangu nilimwachia rafiki. Seti ya spana ilikuwa imeuzwa, wateja wamehamia kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, na nilipopita akaniita "mzee wa bahari" mbele yao. Nimeanza upya na mashine mbili za kusaga za Mvumi. Ningekuwa na akili ningewaaga wateja mmojammoja, niwaambie nitarudi lini, na vifaa nivifungie kwa mama.

Mama hakuuliza juu ya mawimbi. Aliuliza tulikuwa tunakunywa nini. Nikamweleza tangi, kikombe cha kunawia, funda la mswaki. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maji pande zote, na mnapimiana kikombe. Sasa mlikwenda kufanya nini?" Kisha akataka kujua nani alikuwa anawapimia wenzake kikombe. Nilipomwambia ni mimi, akatikisa kichwa taratibu, akaninyooshea bakuli la ugali wa uwele.

Usingizi ndio bado. Naamka saa nane usiku, saa ya zamu yangu, na natoka nje kutazama upepo. Upepo wa Ugogo hauna unyevu, lakini nyuma ya jiko kuna bati lililolegea, likipiga mara moja tu mimi nimeshakaa kitako nikitafuta mkanda, nikijua tanga limefunguka. Wiki tatu nimeamka hivyo. Juzi mama akanikuta mlangoni na tochi.

"Unatafuta nini?"

"Bati, mama."

"Unalisikiliza tangu ulipokuja?"

Asubuhi niliazima ngazi kwa jirani, nikapanda na misumari minne.